Fundi wa Mapipa wa Mto Malaba

Habari nilizipata sokoni Busia, kwa mkulima mmoja wa Mukuju aliyekuwa akishusha magunia ya karanga. "Ile Koplo yenu ya mapipa alikufa juma iliopita," akasema, akijifuta jasho. "Tumezika." Nilikaa juu ya gunia lake bila kuomba ruhusa. Wasomaji wa safu hii wananijua: nimegombana na nusu ya watu wa Tororo na karibu wote wa Busia, na machozi si mazoea yangu. Lakini mtu yule nilimpenda, na najuta kwamba sikuwahi kumwambia. Jina lake silitaji, maana hapa hatutaji majina, na yeye mwenyewe cheo cha koplo kilimtosha.

Alikuwa Mkristo, mkulima, mtu mfupi mwenye kikohozi alichorudi nacho kutoka vita vya Burma. Huko alikuwa katika kikosi cha madaraja, na kambini walionyeshwa sinema ya Warusi, waliokuwa wakipigana upande wetu. Aliisimulia mpaka tukaijua kwa moyo: Warusi wanafika kwenye mto mpana kuliko wowote tuujuao, madaraja ya chuma bado yako nyuma, basi wanavuka kwa mapipa matupu, kwa milango ya nyumba, kwa maturubai yaliyojazwa majani makavu. "Mrusi hapana ngoja boti," alikuwa akisema. Vita vilipokwisha, Warusi wakageuka maadui, ila habari hiyo kwake haikufika. Siku moja aliwasifu mbele ya baraza, na afisa Mwingereza akamwita pembeni, uso umemwiva, akamwuliza mafundisho hayo kayatoa wapi. "Kwenu, bwana," akajibu. "Nyinyi nalipa hata sinema." Afisa akamwacha aende zake. Mimi nilicheka siku tatu.

Kisha ikaja masika iliyolichukua daraja la mbao la Mto Malaba. Wakubwa waliandika barua, wakajibiwa barua. Koplo hakungoja. Alizunguka maduka ya Tororo akiomba mapipa matupu ya mafuta, akayafunga kwa kamba za katani, akatandika mbao juu. Likawa daraja jembamba la kupitia watu kwa miguu, na sharti lake lilikuwa moja: msivuke kwa kundi, wala msikanyage kwa pamoja. Hatua zikilingana, alisema, mapipa huanza kucheza, na yakicheza kamba hukatika. Tulimwona mtu wa maringo. Nani asiyejua kutembea?

Majuma mawili baadaye bibi yangu, mama yake baba, akafariki Tororo. Alikuwa ameusia azikwe Busia, kando ya mumewe, na kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Lori la jamaa lilikuwa likitungoja ng'ambo. Tukafika mtoni adhuhuri tukiwa watu arobaini, na anayejua maziko yetu anajua tulivyokuwa: kila mtu anataka bega lake liguse jeneza apate thawabu, kalima inasomwa kwa sauti moja, na miguu, bila kuamrishwa, inaifuata kalima. Koplo akasimama mbele yetu. "Mzee, pole sana," akamwambia baba. "Watu nne tu nabeba. Hapana imba. Kila mtu na hatua yake." Ami yangu akafoka kwamba Mkristo hawezi kutufundisha kuzika, akamsukuma kando, nasi tukamiminika juu ya mbao. Naandika "tukamiminika" kwa sababu nami nilikuwemo, tena mbele.

Tulipofika katikati mapipa yakaanza kucheza. Mbao zikazama upande mmoja, jeneza likainama, na ncha ya kitambaa chake ikaingia majini. Kalima ikakatika vinywani mwetu. Nilidhani bibi yangu anakwenda na mto mbele ya macho ya mwanawe. Koplo alikuwa ameshajitosa. Akaliinua jeneza kwa chini mpaka likakaa sawa. "Rudi nyuma! Pole pole!" Baba alikuwa akilia. "Fundi, utanikataza nisimbebe mama yangu?" Akamjibu, kwa upole ambao hata leo unaniliza, "Wewe beba, mzee. Hawa wengine nangoja. Mungu naona hata ile mtu nangoja." Basi wakabeba wanne, kimya, kila mmoja kwa mwendo wake, na sisi wengine tukafuata mmoja mmoja. Bibi akazikwa alasiri, kando ya mumewe.

Tuliporudi mtoni, jua likielekea kuchwa, Koplo alikuwa palepale, maji kifuani, midomo inatetemeka. Kumbe tulipojazana, kamba moja ya katikati ilikatika. Alikuwa ameifunga kwa shati lake na kuikaza kwa bega saa zote zile. Baba akamwuliza kwa nini hakutuambia. "Ningesema, nyinyi hapana vuka," akajibu. "Na mama nangoja kaburi." Ami yangu, yule aliyemsukuma, aliingia majini na kanzu yake, akaishika kamba pamoja naye mpaka wa mwisho wetu akavuka.

Leo pana daraja la chuma, na malori hayapunguzi hata mwendo. Kila mkutano ninaokwenda siku hizi, wa ushirika au wa siasa, nawaona watu wakisukumana wapate kuweka bega mbele ya macho ya watu, na kungoja kumekuwa aibu. Siwalaumu, maana nami nilisukumana. Lakini siku ile watu arobaini tulikwenda kutafuta thawabu za kumsindikiza bibi yangu, na nina hakika zilizo kubwa kabisa zilikwenda kwa mtu ambaye kaburi la bibi hakuliona.