Baiskeli Niliyoijaribu Kwenye Lami

Nakumbuka Jumanne moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1974. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimepiga magoti katikati ya barabara ya changarawe, mbele kidogo ya Misungwi, nikiokota vitabu vya kisomo kimoja kimoja na kuvipangusa vumbi kwa upindo wa gauni langu. Ubao wangu wa kufundishia ulikuwa umelala mtaroni. Baiskeli yangu ilikuwa imelala juu ya ubao.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu umeniambia unatafuta baiskeli ya bei nafuu ya kukufikisha kazini huko milimani, na kwamba umekwisha kuipenda moja kwa wepesi na rangi yake. Nami niliipenda yangu hivyo hivyo. Nilikuwa binti wa Bukoba mwenye cheti kipya cha ualimu, nimepangiwa kuwafundisha watu wazima kusoma katika vijiji vitatu vya ujamaa, cha tatu kikiwa juu ya kilima. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao aliniuzia baiskeli ya gia, yenye matairi membamba. Niliijaribu mjini, mtaa wa Pasiansi, kwenye lami, nikiwa na mkoba tu begani. Iliteleza kimya kimya kandokando ya ziwa, nami nikaamini nimepata.

Kule mlimani mambo yakawa mengine. Ubao na sanduku la vitabu vililemea nyuma, gurudumu la mbele likainuka, la nyuma likazunguka bure kwenye changarawe, nami nikaenda chini. Hiyo ilikuwa mara ya pili kulikosa darasa la kilimani. Afisa wetu wa elimu alikuwa amekwisha kunionya, tena kwa upole: nikikosa mara ya tatu, darasa litafungwa, na wanafunzi wake wahamie la bondeni. Nilijua hawatahamia. Walikuwa akina mama wenye mashamba na wazee wenye miguu mibovu. Mwendo ule ungewamalizia siku nzima.

Nikasikia kengele. Nikainua uso.

Bi Kabula, mmoja wa wanafunzi wangu, mama aliyenizidi umri mara mbili, alikuwa akishuka kilima kwa baiskeli nyeusi. Magunia mawili ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yalikuwa yamefungwa kwenye keria, moja juu ya jingine, yakimpita kichwa. Alikaa wima, kanga ameikaza kiunoni juu ya kaptula ya kaki ya marehemu mumewe, macho yake yakitazama mbali na si gurudumu. Changarawe ilinguruma chini ya matairi manene, lakini hakuyumba hata mara moja. Nyuma yake mawe makubwa ya Usukuma yalikuwa yamebebana hadi mbinguni, na mbali kabisa ziwa lilikuwa jeupe kama karatasi ambayo haijaandikwa. Nilisahau vitabu. Nilisahau goti lililokuwa likitoka damu. Niliona kana kwamba kilima chenyewe kinamshusha mikononi, polepole, kwa heshima.

Akasimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, bila kishindo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Tumekusubiri mpaka wenzangu wamerudi shambani.” Akaitazama baiskeli yangu kwa muda mrefu. “Na hii sasa, kwa magurudumu membamba hivi, ni baiskeli au miwani?”

Nikacheka huku machozi yakinilenga. Akaniuliza niliijaribu wapi. Nikamwambia. Akauliza nilikuwa nimebeba nini. Nikamwambia mkoba. Hapo alicheka mpaka akaegemea magunia yake.

“Basi ulinunua baiskeli ya mkoba! Jumamosi twende kwa fundi. Uje na ubao na sanduku lako, na usivae viatu hivyo.”

Jumamosi ile sitaisahau. Fundi alikuwa na baiskeli kuukuu tano. Bi Kabula hakuuliza bei kwanza. Alifunga ubao na sanduku langu kwenye kila moja, akanituma nipande kilima cha nyuma ya karakana na kushuka, huku vijana wa sokoni wakipiga miluzi. Moja fremu yake ilijipinda kwenye kona, akaikataa. Nyingine breki zilishika nusu njia, kisha zikaachia, akamwambia fundi, “Hii muuzie mkweo.” Kwenye mwinuko mkali nililazimika kushuka na kusukuma, nikaona haya mbele ya wale vijana.

“Unaona haya ya nini?” akasema. “Inakubebea mzigo. Na wewe isaidie kupanda.”

Tuliyoichukua ilikuwa mbaya kuliko zote, rangi imebanduka, nzito, tairi nene, keria ya chuma. Fundi alikubali kubadilishana na ile yangu nzuri, akafurahi sana. Vipuri vya ile mbaya vilipatikana hata Nansio, ng’ambo ya maji, na kiraka niliweza kukibandika mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, usiijaribu baiskeli mahali inapouzwa. Ifunge mzigo utakaoubeba kweli, uipeleke kwenye njia utakayoipita kweli, na uiamini kwa namna inavyoshuka. Rangi na wepesi viache vije baadaye kama vitakuja. Tena mtafute anayeipita njia hiyo kila siku, hata kama wewe ndiye mwalimu wake, umwulize. Mungu akutangulie kwenye kona, azishike breki zako pale mkono wako utakapochoka, akufikishe kwa wanaokungoja kabla hawajatawanyika.

Wiki chache baadaye nilimpelekea afisa barua hii:

“Ndugu, natoa taarifa kwamba darasa la kilimani limekutana kila Jumanne bila kukosa. Naomba lisifungwe. Ombi hili si langu peke yangu: chini ya jina langu utaona majina ya wanafunzi wote. Herufi zimepinda, na mahali pengine kalamu imetoboa karatasi. Naomba uyapokee hivyo hivyo, kwa kuwa kila mmoja ameandika lake kwa mkono wake, na kwa wote ni mara ya kwanza.”