Siku Niliyojificha Chini ya Meza ya Matangazo

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa leo mmenibana na mnataka kujua kwa nini mimi, niliyekuwa nasoma mpaka karatasi ya kufungia sukari, sikuwahi kusoma digrii ya habari, basi nitawaambia, na mcheke mapema mmalize, maana huko mbele hakuna cha kucheka.

Miaka ile ya hamsini digrii ya habari hapa kwetu haikuwapo, ukiitaka unapanda meli unaifuata Ulaya. Kilichokuwapo ni kozi ya miezi tisa pale Iringa mjini, kwenye jengo refu la bati ambalo mvua ikinyesha mwalimu anafundisha kwa ishara, tukijifunza kuandika habari, kupiga picha na kusoma matangazo (siku moja walitupeleka Ilula kuwahoji wauza mboga, tukarudi na nyanya bila habari), na katika wanafunzi kumi na mmoja, mmoja tu, atakayeongoza mtihani wa mwisho, ndiye angepelekwa chuo kikuu kusoma hiyo digrii. Mmoja! Wasichana tulikuwa wawili. Mimi Felista, mtoto wa mkulima wa jirani na Tosamaganga, na Zainabu, binti wa mwenye duka wa pale mjini, ambaye babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa laini, unaweza kukipaka kwenye mkate. Changu kilikuwa cha bara, kina mawe ndani yake, lakini nilikuwa na sauti. Mwalimu Ambrosi, Mbena mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyekuwa akitufundisha, na aliniambia wazi kwamba nafasi ile ni yangu, labda niiharibu mwenyewe.

Nikaiharibu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mtihani wa kusoma ulifanyika mahali pawili, wengine Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima, wengine wiki ya pili yake Iringa kwenye uwanja wa mpira. Orodha ilipobandikwa, Zainabu yuko Mbeya, mimi niko Iringa. Ningenyamaza tu. Lakini Mbeya kulikuwa na Lwitiko, mchumba wangu, karani mmoja mtanashati anayenyoosha suruali yake kwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama peke yake, na mimi nikatamani, jamani, nikatamani sana anione nimekaa mbele ya kipaza sauti na watu wote wamenyamaza wananisikiliza mimi. Nikamfuata Zainabu tubadilishane.

"Shoga, umeniokoa," akasema, "mimi nikipanda gari la mwendo mrefu natapika njia nzima."

Mwalimu Ambrosi alinitazama juu ya miwani. "Una hakika, Felista?"

"Nina hakika, Mwalimu." Hakika yenyewe ilikuwa suruali ya Lwitiko.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Lwitiko ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwao, ng'ombe wa mahari wakishapelekwa, msichana na baba wa mchumba wake hawaonani tena. Akipita njia hii wewe unaingia migombani, ukisikia kikohozi chake unajifunika nguo, na jina lake hulitamki, wala neno linalofanana nalo, utafute lingine. Na yeye vilevile anakukwepa wewe, ndiyo heshima yenyewe. Ng'ombe wangu walishafika kwa baba. Sisi Wahehe tuna heshima zetu, lakini hii ya kwao niliishika kuliko wao, kwa sababu dada zake Lwitiko walikuwa wakinong'ona kwamba msichana wa kuja hawezi, na mimi nikaapa nitawaonyesha. (Jina la mzee yule sitalitaja hapa, na msinichokoe.) Isitoshe kulikuwa na jambo la hiyo digrii. Lwitiko alikubali kunisubiri miaka mitatu, lakini baba yake alipoambiwa hakusema ndiyo wala hapana, alinyanyuka tu akaenda kwenye shamba lake la kahawa, na sisi tukaichukua kuwa ni hasira. Basi nilijua kosa moja tu mbele ya mzee yule, kwaheri ndoa, na kosa moja tu mbele ya watahini, kwaheri digrii. Kwamba ningeweza kuyafanya yote mawili kwa dakika moja, hilo sikulifikiria.

Siku ya maonyesho uwanja wa Mbeya ulijaa. Gari la matangazo liliegeshwa katikati, spika mbili juu ya paa zinaelekea sokoni, na mbele yake meza ndefu yenye kitambaa cheupe, juu yake kipaza sauti, gramafoni, chupa za maua na mafungu ya kahawa, viazi na mahindi yaliyoshinda, na kando baiskeli mpya, zawadi ya mshindi wa kahawa. Watahini walikuwa watatu, wamekaa kwenye viti, mkubwa wao Mzungu mkuu wa chuo chetu, aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko nilivyopenda. Lwitiko namwona pale mbele na makarani wenzake, anawagusa begani mmoja mmoja, ananionyesha. Moyo ukanenepa.

Sheria ya mtihani ilikuwa kwamba wenzetu wanaandika habari asubuhi ileile, wewe unapewa karatasi wakati wa kukaa, unasoma kama ilivyo, hubadilishi hata nukta, kisha mshindi mmoja anaitwa mezani unamhoji watu wakisikia. Nikasoma ya kwanza, ya barabara. Nikasoma ya pili, ya chanjo ya ng'ombe. Sauti inakwenda mpaka sokoni inanirudia, wauza ndizi wamegeuka wote, nikaona kumbe na mimi ni mtu.

Ya tatu ilisema mshindi wa kwanza wa kahawa mwaka huu ni, halafu jina. La mzee. Jina lake na la baba yake, kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari na mwenzetu mmoja ili nisikose kulisoma vizuri.

Nilikohoa. Nikakohoa tena, na kikohozi nacho kikaenda sokoni. Nikasema, "Mshindi wa kwanza wa kahawa ni mzee mmoja."

Mwalimu Ambrosi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniinamia. "Jina! Soma jina!"

"Ni mzee mmoja wa Tukuyu," nikasema, jasho linanitiririka mgongoni na Mbeya palivyo na baridi, "mzee anayelima kahawa nzuri, mwenye... mwenye mashamba."

"Mtaje!" watu wakapiga kelele. "Nani huyo? Wazee wa Tukuyu ni wengi!"

Mzungu akaandika kitu. Miezi tisa nzima tulikuwa tumeimbishwa kwamba habari isiyosema nani si habari, ni umbea. Nikafungua mdomo nilitaje, nawaambia kweli nilitaka kulitaja, ulimi ukakataa, nikawaza dada zake Lwitiko, nikawaza ng'ombe waliokwisha kula majani ya kwetu, na katika kuwaza huko mtu mmoja kwenye watu akapaza sauti kwa furaha, "Ni mimi! Huyo mzee ni mimi!" Nikainua macho. Koti jeusi, kofia mkononi, anapenya katikati ya watu anakuja mezani kuhojiwa. Alikuwa hajawahi kuniona wala hajaijua sauti yangu. Mimi nilimjua, maana ni Lwitiko mtupu aliyeota mvi.

Kumbe alikuwa amepanda lori la kahawa tangu jana yake, na Lwitiko hakuambiwa.

Sikuamua chochote. Miguu ndiyo iliyoamua. Nilijikuta chini ya meza, nimevuta kitambaa cheupe nijifunike kichwa, na pamoja na kitambaa zikaja chupa za maua na maji yake, yakaja mafungu ya kahawa, gramafoni ikadondoka chini, viazi vikabingirika mpaka kwenye viatu vya watahini. Hilo lingetosha. Lakini kipaza sauti nilikuwa nimekishika mkononi, nimekikumbatia huko chini, na hakikuzimwa, kwa hiyo uwanja wote na soko lote likasikia, "Mwondoeni! Mwondoeni, ni mkwe wangu! Mungu wangu nimekosa, asinione, nifunikeni! Lwitiko, nifunike!"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani mwangu. Makarani walimshika Lwitiko mabega, wengine wamekaa chini. Yeye mwenyewe hakucheka, alikuwa ametazama viatu vyake. Na mzee? Mzee aliposikia neno mkwe, akageuka pale pale akafunika uso kwa kofia na kukimbia, na umri ule, akaiacha baiskeli yake, akaliacha na jina lake alilongoja kulisikia likitangazwa. Basi ikawa mshindi wa kahawa anakimbilia upande wa barabara na msoma habari yuko uvunguni analia kwenye spika.

Walionitoa ni akina mama wa Kinyakyusa, watatu au wanne, sijui hata majina yao. "Nyie msicheke!" mmoja akafoka. "Huyu mkamwana ana adabu! Mnacheka nini?" Wakavua nguo zao za mabegani wakanizungushia pande zote, nikatembea katikati ya ukuta wa kanga mpaka nyuma ya gari. Huko nililia mpaka nikaishiwa machozi.

Mkuu wa chuo aliniita mchana huohuo. Mwalimu Ambrosi alinitetea, "Bwana Mkubwa, ni heshima ya kwao, hakufanya makusudi." Mkuu hakuwa mkali, na afadhali angekuwa. Aliniuliza polepole, "Felista, ukiwa msoma habari wa redio, na siku hiyo aliyekufa ni mkweo, utawaambia watu amekufa nani?"

Nilimwomba ruhusa, nikaenda kuokota viazi.

Wiki ya pili Zainabu alisoma Iringa, mama yake amesimama mbele kabisa, hakukosea hata nukta. Nafasi akapewa. Alinijia akilia, "Shoga, ilikuwa yako hii," nami nikamwambia aende salama, kisha nikaingia ndani nikauma mto. Gazeti la chuo lilitoa picha ya baiskeli peke yake, imeegemea meza, chini imeandikwa kwamba ni zawadi ya mshindi wa kahawa. Mwenye baiskeli hayumo.

Ndoa, niliyodhani imekufa, ndiyo iliyopona. Dada zake Lwitiko wakanisifu Tukuyu nzima, kwamba msichana wa kuja ameacha digrii ya Ulaya kwa ajili ya heshima ya mkwe, hata wasichana wao hawana adabu ile, na harusi ikaharakishwa. Nikasifiwa kila nyumba. Kila sifa ilinikaa kifuani kama ugali mbichi, na sikuwa na wa kumwambia kwamba sikuacha chochote, nilinyang'anywa na woga wangu mwenyewe.

Miaka ikaenda. Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini mzee akanunua redio ya betri, akaiweka barazani kwake, na kila saa saba mchana akaifungua asikilize habari. Mimi nilikuwa nasikilizia nyuma ya ukuta wa jiko, sufuria imeshaungua mara ngapi sijui. Na siku moja habari zikaanza, na sauti ni ya Zainabu, laini ileile. Nilikaa chini kwenye kuni. Mwiko ukaanguka chini.

Habari zilipokwisha Lwitiko akamuuliza baba yake, "Tata, umesikia? Huyo alisoma pamoja na mama Ambakisye." Mama Ambakisye ndiye mimi.

Mzee akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua kuna sikio nyuma ya ukuta, "Huyu anasoma vizuri. Lakini yule wa siku ile Mbeya alisoma vizuri zaidi, nilisogea mbele kwa ajili ya sauti ile. Nilishamwachia aende asome, na mimi mdomo wangu mzito, sikumwambia mtu. Angelisoma tu jina langu. Mimi ningeziba masikio."

Tangu siku hiyo nimeapa sitamkatia mtu hukumu ya moyo wake kabla sijamuuliza. Yeye sikuweza kumuuliza, wala kumjibu. Nilibaki pale nyuma ya ukuta, nikaokota mwiko, nikaendelea kusonga ugali wake.