Neno Lililoachwa Msituni

Harufu ya tende zinazochemka ndiyo inayonirudisha Ibra, mji wa kina babu huko Uarabuni, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi hivi. Ulikuwa msimu wa tabsili: tende zinapikwa katika masufuria makubwa ya shaba, kisha zinaanikwa juani siku kadhaa, na mji mzima unanata, mikono, milango, hata ndevu za wazee. Sisi tulikuwa wageni kwetu wenyewe. Babu alitoka Ibra kijana, akafanya biashara Kongo, akaoa huko. Baba aliporudi nasi mwanzoni mwa miaka ya sabini, babu alikwisha kufariki. Tulikuja na Kiswahili chetu cha bara na Bibi yetu, ambaye hakuzaliwa mjini wala shambani bali msituni, kwa watu wanaohamahama chini ya miti wakiwinda na kurina asali. Mama alituonya tusilitaje hilo mbele ya majirani. Mtu kwao, husema Waswahili, lakini kwao Bibi, kwa maoni ya mama, hapakuwa mahali pa kutajwa.

Lugha ya kwao Bibi alibaki nayo peke yake. Aliwasemesha mbuzi kwa lugha hiyo, na wakati mwingine ukuta. Siku moja tulimpeleka zahanati, akadungwa sindano, akatukana kwa lugha hiyo bila haya kwa kuwa alijua hakuna wa kumwelewa. Mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mlangoni akacheka, akamjibu kwa lugha ile ile. Yule mwanamke alikuwa Bi Ingrid, mke wa daktari, na kabla ya kuolewa aliishi miaka mingi msituni akijifunza lugha ya watu wale, akilala kwenye vibanda vya majani na kula viwavi kama wenyeji. Milima haikutani, binadamu hukutana. Bibi alimshika mkono na hakumwachia mpaka tumefika nyumbani.

Tangu hapo Bi Ingrid alikuja kila alasiri. Kazi yake ya lugha ilikwisha, alisema. Alikuja kwa kuwa alikuwa na kiu ya kuisema. Kwetu watoto alisimulia kwa Kiswahili jinsi alivyochekwa siku za mwanzo. Alipouliza njia inaitwaje, kila mtu alimpa jibu jingine, na ilimchukua muda mrefu kutambua kwamba walikuwa wakimtajia aliyepita hapo mwisho. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Lakini alichokitaka hasa kilikuwa kimoja: habari za mdogo wake wa kike, aliyemwacha bado msichana. Tabu ni kwamba kwao ndugu aliye mbali hatajwi jina mpaka mkutane, jina lisije likapotea njia. Na aliyekufa hatajwi tena milele. Kama jina lake lilikuwa neno la kawaida, kambi nzima huliacha neno hilo na kutafuta jingine. Basi Bibi aliuliza kwa kuzunguka: je, hukumwona mwanamke mwenye kovu kidevuni, anayeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto, anayeimba vibaya bila aibu? Bi Ingrid hakumwona. Ila baada ya msimu wa tende angekwenda huko kutembea, na akaahidi kuuliza kila kambi. Bibi alinunua doti ya kanga ya kumpelekea mdogo wake, akawa anaikunja na kuikunjua mpaka mama akamwambia itachakaa kabla ya safari.

Kiangazi chote hicho halikudondoka hata tone. Kisha alasiri moja wingu likashuka kutoka milimani, tende zetu zote zikiwa mikekani. Nyumba nzima ilitoka mbio. Mama alipiga kelele, majirani walipiga kelele zaidi, na Bi Ingrid, sketi kaifunga kiunoni, alishika ncha moja ya mkeka, Bibi akashika nyingine. Matone ya kwanza yalipompiga usoni Bi Ingrid alipaza sauti kwa furaha, kwa lugha ya msituni. Bibi akacheka. Alimjibu kwa Kiswahili, maana akitaka kumsahihisha mtu alitaka na sisi tusikie.

"Hilo si neno lake," alisema. "Umesema inapiga majani. Mvua ina neno lake."

"Siku hizi ndivyo wanavyosema, Bibi. Lile la zamani waliliacha kabla sijafika."

Alilisema kwa raha ya mtu anayejua kazi yake. Halafu nikaona mdomo wake umebaki wazi. Bibi aliishusha ncha ya mkeka taratibu, tende zikabingirika kwenye matope.

"Alizaliwa siku ya mvua," alisema. "Baba akampa jina hilo."

Bi Ingrid alijaribu kusema huenda ni mwingine. Bibi alitikisa kichwa; kwao jina moja hawapewi watu wawili. Nilisimama pale nimelowa, nikiogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mzima akipata habari ya msiba kwa namna ile, kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba ameileta.

Aliyenishangaza ni mama. Aliziacha tende zilowe, akamwingiza mama mkwe wake ndani, akambadilisha nguo. Kisha yeye mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kusema kwamba tumefiwa, na kwamba marehemu ni wa msituni Kongo. Wanawake walikuja, kahawa ikamiminwa. Mmoja aliuliza jina la marehemu. "Kwao hawalitaji," mama alijibu, na hakuna aliyeuliza tena. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote. Doti ya kanga Bibi aliikata, kipande akampa mama, kipande akajifunga mwenyewe.

Bibi hakutuagiza lolote. Ni sisi watoto tulioamua, kwa akili zetu, kwamba neno lile lisitajwe nyumbani. Lililoachwa lilikuwa la msituni. Sisi tukaliacha la Kiswahili. Ikawa nyumbani kwetu inapiga majani, katika mji ambao majani yake ni ya mitende tu, na mama naye akasema hivyo, na mazoea yana taabu.

Bibi hayupo, mama hayupo, na Ibra siku hizi tende nyingi huja kwenye maboksi. Binti yangu anafanya kazi Nizwa. Mwaka jana alinipigia simu kunionya nisitoke, mabonde yatajaa maji.

"Mama, matar kubwa inakuja."

"Sema mvua," nikamwambia, na neno lilitoka zito, kwa kuwa lilikaa mdomoni mwangu miaka yote hiyo.

"Mvua ndiyo nini, mama?"

Nikamwambia ni jina la mdogo wake Bibi.