Mbegu Iliyooteshwa Kwapani

Mwalimu wa baiolojia aliyefariki wiki iliyopita hapa Kigoma ameingia kaburini akiwa bado anaitwa mwotesha kipindupindu, tena na watu wasio wabaya hata kidogo. Habari nilipewa kwa simu na mwalimu mwenzake. Baada ya kunitajia saa ya mazishi aliuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu mwandishi, kwani kile kisanduku chake kilikuwa na nini hasa?" Ikiwa aliyekaa naye ofisi moja anauliza hivyo, msomaji wangu naye anastahili maelezo.

Alikuja kutoka Iringa kwa uhamisho wa kawaida, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka ufukweni na kambi zikifurika. Alitaka mwanafunzi wa sekondari isiyo na maabara aone kwa macho yake kwamba maelekezo yaliyomo ndani ya kiumbe yanaweza kuandikwa upya na binadamu. Akabuni kisanduku cha bei nafuu: vichupa vidogo, tochi ya mwanga wa buluu, na unga wa bakteria waliokwisha kupasuliwa na kukaushwa, ulioandaliwa na rafiki yake wa chuo kikuu. Unatia maji safi na tone la maelekezo hayo, yaani DNA, unasubiri unga uyafuate na kutengeneza protini, na ukimulika tochi kichupa kinang'aa kijani. Lakini unga ulihitaji joto, na mashine ya joto ilikuwa ghali kuliko vyote. Basi kila mwanafunzi alibana kichupa chake kwapani kuanzia asubuhi hadi kengele ya mchana. Nilihudhuria somo la kwanza katika shule ya kambini, mbali kupita Kidahwe. Watoto walitembea mkono mmoja umebanwa kama kuku aliyevunjika bawa, wakichekana. Kichupa cha kwanza kilipong'aa, kicheko kikakatika. Binti mmoja akasema polepole, "Mwalimu, kimefufuka."

Kosa lake lilikuwa neno. Hakutaka kutaja vijidudu, maana kipindupindu kilikuwa kimetoka kupita ufukweni, kwa hiyo tone lile akaliita mbegu na kazi yenyewe kuotesha. Lakini Muha, mwenyeji wa mkoa huu, ni mkulima; ukimtajia mbegu atataka kujua itaota nini na itavunwa na nani. Somo lilipofika mjini, mwanafunzi mmoja aliharisha vibaya usiku uleule, na kesho yake wazazi walijaa shuleni.

"Mwalimu, mbegu usiyoijua huipandi hata shambani, sembuse kwapani kwa mtoto wa mwenzio!" alisema mama mmoja kutoka Buzebazeba. Mzee aliyekaa nyuma akadakia, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kakipitisha nguo kabisa!" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeketi.

"Shikamoo, mzee wangu," mwalimu alijibu. "Mle ndani hamna kitu kinachoishi."

"Kama hakiishi, mbona kinang'aa?"

Hapo ndipo alipowapoteza. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa refu, na hofu haina subira ya jibu refu. Aliomba jambo moja tu: kisima cha mtaa wa yule mgonjwa kipimwe. Wakamwambia anatafuta pa kujifichia. Somo likafutwa, na tangu siku ile hakuruhusiwa kuingia na kisanduku katika darasa lolote.

Nimeripoti mengi katika mkoa huu, na nimeona mara kwa mara kwamba tunakiogopa kitu kigeni kwa sababu kina jina, na kitu cha kila siku tunakiacha kwa sababu hakuna aliyekipa jina baya. Mgeni anayeleta elimu hapa aanze kwa kuchunguza maneno yake. Nasi wenyeji tuchunguze tunachokunywa.

Mwanafunzi yule alipona, na wazazi wake wakahama bila mtu kuwauliza walikuwa wakichota maji wapi. Kisima hakijapimwa. Jana asubuhi, nikielekea kuhani msiba, nilipita hapo kisimani. Foleni ya ndoo ilifika barabarani.