Karibu ya Bibi

Mwanangu, wewe hujazaliwa na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Wanasema nasaha ni za wazee. Mimi sisubiri. Nikingoja nizeeke nitakuwa nimeshazoea kunyamaza pale pa kusema, na kusema pale pa kunyamaza.

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, nipo kwa bibi yangu mzaa baba, kule juu ya Mafinga ambako mipaina inaisha na msitu wa asili unaanza. Nimemaliza fomu foo, nasubiri matokeo. Bibi anaishi kwenye kibanda cha mabanzi, yale maganda ya magogo wanayotupa kwenye viwanda vya mbao. Upepo unaingia, baridi inaingia, hata kuku wa jirani anaingia. Lakini nyuma yake kuna miti, mwanangu! Ule mkubwa kuliko yote, ukipaki lori la Fuso nyuma yake hulioni. Babu amezikwa chini yake. Na njia ya kuufikia ni moja tu, inapita uani, mbele ya mlango wa Bibi.

Tunamenya viazi, tukasikia, "Hodi! Kamwene, mama!" Baba mdogo Festo, anasalimia kwa kilugha cha kwetu. Nikachungulia kwenye ufa: kaja na vijana wawili na chenso, ule msumeno wa injini. Tangu Pasaka alikuwa anamsumbua Bibi amruhusu aukate ule mti, wauze mbao, amjengee nyumba ya tofali. Bibi alishakataa.

Mimi nimelelewa. Ukisikia hodi, unaitikia. Nikafungua mdomo. Bibi akanichapa pajani na mkono wenye maganda ya viazi.

"Funga hilo domo," akanong'ona. "Karibu ni yangu, siyo yako."

"Bibi, si ni baba mdogo?"

"Ndiyo maana hawezi kupita bila hiyo."

"Hodi!" Mara ya pili.

Kijana mmoja akauliza, "Bosi, bibi kalala?"

"Kalala na moshi unatoka? Kanuna."

"Basi tupite tu."

Kisha nikamsikia baba mdogo, "Pita wewe. Mimi huyu kanizaa."

Hodi ya tatu ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyevunja chungu. Bibi akaendelea kumenya, ila kisu kilikuwa kinatetemeka. Halafu tukasikia miguu inashuka bondeni.

Kesho yake baba mdogo akarudi peke yake, mikono mitupu. "Hodi." Bibi akachochea moto kwanza, nadhani kwa makusudi.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

Sasa nisikilize. Watakuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, na mkuu akija na chenso? Watakuambia mgeni njoo mwenyeji apone. Chungulia kwanza mgeni kabeba nini. Heshima siyo mlango usio na komeo. Karibu yako usimpe mtu kwa kuogopa, awe mjomba, awe mchumba, awe bosi. Wakikuita mkaidi, menya viazi. Kisu kikitetemeka, kiache kitetemeke, wewe menya.

Mungu akupe mlango wako mwenyewe, hata wa mabanzi. Akupe na watu wa kuwaambia karibu kwa moyo wote. Na mti wa Babu uukute umesimama.