Kikombe cha Waziri wa Maji

Wanafunzi walimwita Bi Vikombe, na wazazi wao vilevile, maana wengi walipita mikononi mwake. Alikuwa amefundisha historia darasa la saba kwa miaka ishirini na sita, katika chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi. Nilipanga chumba uani kwake kwa miezi minne, na siku moja akanikaribisha darasani, kwenye dawati la nyuma.

Nimewasikia watoto wa nchi nyingi, kwa lugha mbalimbali, wakikariri mawaziri wa serikali yao ya kwanza kama jedwali la kuzidisha, kwa usingizi uleule. Kwa Bi Vikombe hakuna aliyesinzia. Aliingia na kapu la vikombe vya bati, akaunganisha madawati yakawa meza moja ndefu, na watoto wakaanza kugombania wizara.

“Wewe uwe wa Fedha? Hata kalamu unaazima!”

“Ndiyo maana naitaka!”

Vikombe vilikuwa kumi na viwili, kimoja kwa kila waziri. Kitabu cha shule kinasema mawaziri walikuwa kumi na mmoja, kwa kuwa ndio wanaoonekana kwenye picha rasmi. Lakini mama yake Bi Vikombe alikuwa mhudumu wa chai katika jengo la baraza la mawaziri, na siku ya kikao cha kwanza alipanga vikombe kumi na viwili. Waziri wa Maji aligombana na mkubwa wao, akaondolewa siku ya kumi na tisa, kabla mpiga picha hajaitwa.

“Wao walihesabu kura,” bibi yule, mama yake Bi Vikombe, aliniambia kutoka kitandani, kwa sauti ya kukatikakatika. “Mimi nilihesabu vikombe. Na cha kumi na mbili nilikiosha kwa mkono huu.”

Kila mwaka, siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, Bi Vikombe alifunga mlango wa darasa na kusema: “Walikuwa kumi na wawili, mnajua. Kesho mkiulizwa, andikeni kumi na mmoja.” Watoto walicheka, wakaandika kumi na mmoja, wakafaulu.

Mwaka ule kikombe cha Waziri wa Maji, ambacho kwa kawaida hakuna aliyekitaka, kiliombwa na binti mwembamba aliyekuwa wa kwanza darasani. Kila asubuhi alifika sare imelowa begani kwa maji ya ndoo. “Nikiwa waziri,” alisema, “bomba litafika hadi mlangoni kwetu.” Baba yake, fundi baiskeli, alikwisha kusema wazi: akipata nafasi katika bweni la serikali, atasoma, asipopata, basi. Zilihitajika alama mia mbili na kumi.

Siku tano kabla ya mtihani, bibi alifariki. Bi Vikombe alirudi kazini siku ya mwisho, akafunga mlango kama kawaida yake. Alifungua kinywa, akakifumba. Kisha akawaambia watoto walale mapema.

“Nilishindwa,” aliniambia jioni, akichambua mchele bila kuutazama. “Nimemzika Jumanne. Leo nimkane mbele ya watoto?”

“Na hao watoto?”

“Wana kitabu. Wanajua kusoma.”

Kesho yake walitoka kwenye mtihani wakisukumana. Binti alimkimbilia.

“Mwalimu, swali la mawaziri lilitoka! Nimeandika kumi na wawili!”

“Mjinga wewe,” mwenzake akamwambia, “kitabu kinasema kumi na mmoja.”

“Kitabu kiliosha vikombe?”

Bi Vikombe alimshika kichwa. “Vizuri, mwanangu,” akasema, na akauacha mkono pale muda mrefu mno.

Binti alipata alama mia mbili na tisa.

Mwalimu alikwenda ofisi ya elimu mara tatu. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akamkalisha, kisha akamwelekeza kwenye picha ukutani. “Hebu nihesabie mwenyewe, Mwalimu.” Alikwenda pia kwa fundi baiskeli, amweleze ukweli. Hata hajamaliza salamu, yule baba alifuta mikono yenye grisi na kumwomba radhi: “Umehangaika naye sana, Mwalimu. Ni yeye tu hakukazana.” Binti alisimama nyuma ya baba yake, akasikia yote. Bi Vikombe akaikubali radhi ile, akaaga.

Nilirudi mwaka uliofuata. Jioni moja tulipita kwenye kibanda cha fundi cherehani, karibu na geti la shule. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, anashona vifungo vya sare mpya za wanafunzi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Mdogo wangu yuko darasani kwako sasa. Anasema siku hizi vikombe ni kumi na kimoja.” Alikata uzi kwa meno. “Changu kiko wapi?”

Bi Vikombe aliitazama sare iliyokuwa mapajani mwa binti.

“Kilivunjika,” alisema.

Binti alikuwa amekishika kikombe kile kwa mikono yake miwili. Alijua ni cha bati. Akachukua kifungo kingine, akatunga uzi kwenye sindano.

“Pole, Mwalimu,” akasema.