Mtambo Uliopata Joto

Siku ile naikumbuka kama ya leo asubuhi, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa maabara moja huko Kitale, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo. Tulikuwa na mtambo mmoja tu wa kupima mionzi kwenye vyakula vinavyovuka mpaka. Haufanyi kazi bila baridi kali, kwa hiyo tuliujazia naitrojeni, hewa iliyopozwa hadi ikawa maji. Baridi ikipungua, kengele inalia.

Asubuhi hiyo ililia. Nje aliketi Barasa, mfanyabiashara wa Kiminini. Lori lake la mahindi lilikuwa limekwama mpakani Suam, mvua inalinyeshea, na bila cheti chetu halivuki. Nikaizima kengele, nikanyanyua mtungi wa naitrojeni nimimine upesi. Umepata joto, upewe baridi. Sikuona la kufikiria.

Mama Nasimiyu, mkubwa wetu, mtu wa Bungoma asiye na maneno mengi, akanishika mkono.

"Weka chini. Umeangalia mtambo umepata joto kiasi gani?"

Sikuwa nimeangalia. Kumbe joto lilikuwa limeshaingia ndani kabisa. Akanieleza kwamba mtambo uliopata joto nusu ukipozwa hapo hapo unaweza kuharibika. Unakatiwa umeme, unaachwa upate joto lote, ndipo unapopozwa upya. Hiyo ni hadi kesho kutwa.

Nikamuuliza, na Barasa je?

"Enda umwambie. Na usimfiche kitu, bana."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikwenda. Barasa alifoka, akatuita wavivu. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia akodi ghala Suam ashushe mzigo leo leo, maana cheti hakitoki kabla ya kesho kutwa. Akaondoka bila kuaga, lakini alishusha. Magunia ya juu yaliota ukungu, mengine yote yalivuka. Na mtambo ule ulifanya kazi mpaka nikastaafu, nikarudi shambani Matulo. Najivunia hilo, sitaficha.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kengele ikilia kazini, mwilini au nyumbani kwako, usiridhike kwamba umeizima. Tazama kwanza joto limefika wapi. Kama dawa yake ni kungoja, ngoja, na anayekusubiri nje mwambie ukweli mapema, angali na nafasi ya kuokoa mahindi yake.

Mungu akutulize mikono, mwanangu, na akupe mtu wa kukushika mkono siku utakapokimbilia mtungi.